Jina la Babu Katika Kitabu cha Mgeni



Kila Ijumaa jijini Nairobi hutoka chapisho ambalo wengi wetu hulisikia likitajwa katika taarifa ya habari, lakini ni nadra kumwona mtu amelishika mkononi. Ni Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya. Waziri akiteuliwa, jina lake huchapishwa humo. Sikukuu ikitangazwa, ni humo humo. Mawakili hulisoma, maafisa wa ardhi hulisoma, kisha hufungiwa kabatini. Jioni ya leo nalitaja kwa sababu nyingine: humo ndani wamo marehemu wetu kwa maelfu.

Mtu akifariki ameacha shamba, nyumba au akiba benki, jamaa zake huenda mahakamani kuomba kusimamia mirathi. Kabla mahakama haijawapa idhini, taarifa huchapishwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Taarifa yenyewe ni aya moja ya herufi ndogo, kavu kabisa. Lakini isome polepole. Kuna jina la marehemu, kwa ukamilifu wake. Kuna mahali alipokuwa akiishi. Kuna tarehe aliyofariki. Kuna jina la anayeomba, na imeelezwa ni nani wake: mjane, mtoto wa kiume, binti, ndugu. Mtu anayesaka nasaba hutafuta nini zaidi ya hayo? Majina mawili, uhusiano wao, mahali na tarehe, vyote katika mistari michache, na vimechapishwa kwa amri ya sheria.

Gazeti hilo lilianza mwaka 1899, enzi za himaya ya Uingereza, na matoleo yake, ya zamani na ya karibuni, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa kwenye Google Books. Yanasomeka bila malipo. Unaandika jina katika kisanduku cha kutafutia, na mashine inakupeleka kwenye ukurasa lilipochapishwa, hata kama ukurasa huo haujafunguliwa na mtu kwa miaka 60.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo: kusaka habari za ukoo kwa kutafuta ndani ya vitabu vilivyoko mtandaoni.

Nitofautishe kwanza, maana watu huchanganya. Ukiandika jina la babu yako katika utafutaji wa kawaida wa intaneti, mashine inapekua kurasa za tovuti: habari, biashara, picha za watu wa siku hizi. Babu hayumo. Utafutaji wa vitabu ni kitu kingine. Unaingia katika maandishi ya vitabu vyenyewe, vilivyokuwa vimekaa rafuni katika maktaba za Michigan, Oxford au New York. Google walianza kazi hiyo mwaka 2004. Internet Archive nao wana hazina yao, na vyuo vikuu vya Marekani viliungana mwaka 2008 vikaunda HathiTrust. Ninashauri kupita kote kutatu, kwa sababu kitabu kilichofungwa kwa mmoja huweza kuwa wazi kwa mwingine. Vitabu vya kale huwa wazi. Kwa sheria ya Marekani, haki za kitabu cha enzi zile hukoma baada ya miaka 95. Vipya zaidi hukuonyesha kijipande cha mistari michache tu. Hicho kijipande usikidharau: kinakupa jina la kitabu na mara nyingi namba ya ukurasa, na kwa hayo mawili mkutubi yeyote anaweza kukusaidia.

Sasa najua msikilizaji fulani ananijibu huko aliko. Anasema: hivyo vitabu viliandikwa na Wazungu, wakaandikiana wao kwa wao. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Vanga, au mpagazi wa Tabora, au mkulima wa Rabai. Nani angemwandika?

Jibu langu ni kwamba waliandikwa wengi kuliko tunavyodhani. Ila waliandikwa pale kalamu ya mgeni ilipowahitaji, na kwa namna sikio la mgeni lilivyosikia. Kalamu iliwahitaji walipolipwa mshahara, walipokufa safarini, walipobatizwa, walipodai ardhi, walipofungwa, walipopewa nishani. Basi anayetaka kumpata babu yake asiulize kwanza babu alikuwa nani. Aulize: babu alikutana wapi na mtu mwenye daftari?

Chukua misafara ya bara ya karne ya 19. Wapagazi na askari wake walitoka Unguja, Bagamoyo na Unyamwezi. Msafara ni mshahara, na mshahara hudai orodha. Mpelelezi Mwingereza Speke, aliyechapisha kitabu cha safari yake mwaka 1863, aliorodhesha watu wa msafara wake. Mpelelezi mwingine, Stanley, alitoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, akalivuka bara lote hadi kwenye mdomo wa Mto Kongo, na watu waliobaki hai wakarudishwa Unguja mwishoni mwa 1877. Kitabu chake cha mwaka uliofuata kina juzuu mbili. Nenda kwenye juzuu ya pili, sehemu ya mwisho, utakuta majina ya waliorudi yamepangwa. Manwa Sera, nahodha mkuu wa msafara, yumo. Uledi, aliyeshika usukani wa mashua ya Lady Alice katika maporomoko ya Mto Kongo, yumo. Lakini wamo pia watu ambao katika masimulizi yenyewe hawatajwi hata mara moja, na hao ndio wanaonigusa mimi. Walitembea kutoka bahari hadi bahari, na mahali pekee waliposalia ni katika orodha ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitazama.

Tujaribu kumtafuta mmoja. Tuandike Mabruki. Ndani ya dakika moja utapata majibu mengi, na furaha ya kwanza ndiyo hatari ya kwanza. Mabruki lilikuwa jina la kawaida mno Unguja enzi hizo. Lilipewa watumwa kwa wingi, sawa na Baraka, Faraji, Feruzi na Marjani. Katika kitabu cha Stanley cha 1872 kuhusu kumtafuta mpelelezi Livingstone, anataja watu sita aliowaajiri kwa sababu waliwahi kumtumikia Speke. Mmoja ni Mabruki, na ili asichanganywe na wengine anaitwa Mabruki wa Burton. Mwingine ni Uledi, aliyetambulishwa kuwa mtumishi wa Grant, mwenzake Speke. Yupo Baruti. Yupo Ambari. Yupo Ulimengo, ambaye wewe na mimi tukimwita kwa kinywa chetu tutasema Ulimwengu. Na yupo Bombay, Sidi Mubarak.

Angalia kilichotokea hapo. Jina la baba halipo. Pahali pa jina la baba pamewekwa jina la mwajiri. Mtu alikuwa na nasaba yake, na mamaye na kijiji chake, lakini daftari lilihitaji kujua tu alifanya kazi kwa nani. Ukimsaka Mabruki bin fulani utamkosa hadi kesho. Lazima umsake Mabruki wa Burton, kisha ufuate nyayo zake kutoka kitabu hadi kitabu, msafara hadi msafara, na mwaka hadi mwaka, uone kama ndiye yule yule au ni mwingine.

Huyo Sidi Mubarak Bombay nimkalie kidogo, maana yeye alipata jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata. Speke alimwuliza habari za maisha yake, akaziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1864. Alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akateremshwa Kilwa, akauzwa, akapelekwa Unguja na baadaye India, na bwana wake alipokufa akawa huru akarudi pwani hii. Ni maisha mazima katika kurasa chache, yametoka kinywani mwake. Lakini anayetafuta kwa kuandika Yao hatayakuta kirahisi, kwa sababu Speke kaandika Uhiyow kwa nchi na Mhiyow kwa mtu. Mtafutaji asiyelijua hilo ataondoka akiamini hakuna kitu.

Hiyo ndiyo kazi hasa ya utafutaji huu, na ndiyo inayowashinda wengi. Jina la babu tunalijua kwa tahajia ya kitambulisho cha leo. Mgeni aliliandika kwa masikio ya kwao. Juma, kwa Mwingereza wa zamani, ni Jumah. Kwa Mfaransa ni Djouma. Kwa Mjerumani ni Dschuma. Hamisi ni Khamees. Mwinyi utamkuta ni Muini, Muinyi, Mwenyi. Ujiji kwa Kifaransa ni Oudjidji, kwa Kijerumani ni Udschidschi. Mwanza ya Wajerumani ni Muanza. Lamu huandikwa Lamoo. Kilwa ya Wareno ni Quiloa. Kaa chini na kalamu, andika kila namna ambayo mtu asiyejua lugha yetu angeweza kuliandika jina hilo, halafu zijaribu zote. Litamke kwa sauti ukiwa unaandika. Mimi huona kazi hii inakwenda vizuri zaidi wakiwa watu wawili, mmoja anatamka na mwenzake anaandika anavyosikia.

Juu ya hayo ongeza makosa ya mashine. Kilichoko mtandaoni ni picha ya ukurasa, na programu ndiyo inayoisoma picha hiyo na kuigeuza kuwa herufi. Kwenye karatasi iliyochakaa, m husomwa kuwa r na n zilizokaribiana, na Juma akawa Jurna. Vitabu vingi vya Kijerumani vya enzi za ukoloni vilichapwa kwa herufi zile za kale ambamo s ya katikati ya neno inafanana sana na f, hivyo Kilosa huweza kuingia katika mashine kama Kilofa. Mashine haijui kwamba kuna mji unaoitwa Kilosa. Wewe unajua. Andika na makosa hayo.

Na jina likikataa kabisa, liache. Tafuta mahali. Tafuta chifu, jumbe au liwali wa wakati huo, kwa sababu mtu mkubwa huandikwa, na kwenye kurasa zinazomtaja yeye ndiko wanakotajwa watu wake. Tafuta jina la misheni, la meli, la reli, la shamba la mkonge. Weka mipaka ya miaka. Ukipata kitabu kilichopita kijijini kwenu katika miaka inayohusika, kipakue chote ukisome mwenyewe, usiutegemee utafutaji, wala usiitegemee faharasa iliyoko nyuma. Faharasa za vitabu vile zilitengenezwa kwa ajili ya msomaji wa London. Zitakuonyesha kila ukurasa alipotajwa gavana, na hazitakuonyesha mpishi wake. Soma tanbihi. Soma viambatisho. Soma maelezo yaliyoko chini ya picha.

Kuna vitabu ambavyo watu wetu walijieleza wenyewe kwa Kiswahili, navyo ni hazina ya namna yake. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Humo anamtaja baba yake, Muhammed bin Juma, na jamaa, washirika na mahasimu wa safari za Tabora na Manyema. Kabla yake, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, maelezo ya watu waliokwenda bara, na mmoja wao, Salim bin Abakari, alifika hadi Urusi na Siberia. Mtu mwenye asili ya Bagamoyo, Tabora au Kasongo asiyevipitia vitabu hivi ameacha mlango wazi bila kuuingia. Na kwa kuwa maandishi ni Kiswahili, tofauti ya tahajia si kubwa kama ile ya Wafaransa.

Kwa watu wa Mombasa na Rabai, njia nyingine ni majarida ya misheni. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walimu na viongozi wao wa mwanzo wengi walikuwa Waafrika waliolelewa India, huko Nasik karibu na Bombay, wakarudi na majina ya Kiingereza: Jones, Semler, David, Wainwright. Jacob Wainwright ndiye aliyesindikiza maiti ya Livingstone hadi Uingereza, na mwezi wa Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza huko Westminster. William Jones alikuwa pamoja na Askofu Hannington katika safari ya 1885 ambayo askofu aliuawa Busoga, na ni yeye aliyewaongoza waliobaki kurudi pwani. Wamisionari walikuwa watu wa kuandika barua, na barua zao zilichapishwa London katika jarida la Church Missionary Intelligencer kwa ajili ya wafadhili. Mwalimu mpya, ubatizo, ndoa, mgogoro wa shamba, kifo cha mzee wa kanisa: yote hayo huripotiwa. Miaka mingi ya jarida hilo imewekwa mtandaoni. Wenye majina hayo ya Kiingereza, ambao mara kwa mara huulizwa wameyatoa wapi, wana kurasa za kuanzia.

Lakini nikishataja Frere Town nimeshagusa jambo zito, na sitaki kulipita juu juu.

Anayesaka nasaba pwani atakutana na utumwa. Huenda akamkuta babu yake upande wa waliouzwa, huenda upande wa waliouza, na katika familia nyingi ni pande zote mbili, kwa sababu suria huzaa watoto wa bwana. Huko Rabai, siku ya kwanza ya mwaka 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aligawa hati za uhuru kwa watumwa waliokuwa wametoroka mabwana zao na kujificha misheni. Waliohusika walizidi 1,400. Watu hao waliacha wajukuu. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana. Wapo wazee walio hai ambao bibi zao walizaliwa katika hali hiyo, na wamenyamaza maisha yao yote, kwa sababu majirani wangetumia neno mtumwa kuwanyima mchumba au kuwatukana kisimani.

Msimamo wangu ni huu. Aibu ya utumwa ni ya aliyemnunua mtu, haiwezi kuwa ya aliyenunuliwa. Anayemkuta bibi yake mkuu katika orodha ya waliokombolewa amemkuta mtu aliyevuka mateso akazaa ukoo. Hata hivyo, ukurasa huo usiupeleke kwanza kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mpelekee mkubwa wa ukoo, kaeni wawili, mwoneshe, msikilize. Mara nyingi utagundua alikuwa anajua tangu zamani. Siri hiyo ni yake kabla haijawa yako, naye ana haki ya kuamua itasemwaje mbele ya wengine.

Jambo jingine ambalo vitabu hivi havitakwambia vyenyewe ni kwa nini mtu hayumo. Wanawake ndio waliopotezwa zaidi. Katika maandishi ya safari ya mwisho ya Livingstone wanajulikana kwa majina Halima, aliyekuwa mpishi na mke wa Amoda, na Ntaoeka, aliyeolewa na Chuma, wote watu wa msafara huo. Hao wana bahati. Wengi huandikwa mke wa fulani, na basi. Ukitafuta upande wa mama, tafuta majina ya wanaume waliomzunguka, baba na kaka na mume, huku ukijua unamzunguka tu, hujamfikia.

Ardhi nayo ina ukimya wake. Mwaka 1908 ilitungwa sheria iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani ya Kenya apeleke madai yake rasmi; isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua njia ya ofisi walidai. Wamijikenda wengi hawakudai, na vitukuu vyao wanaitwa maskwota mpaka leo juu ya makaburi ya wazee wao. Kwa hiyo mtu akikuletea chapisho la zamani akakuambia jina la ukoo wenu halimo, maana yake ni kwamba hamkufika ofisini. Kwamba hamkuwepo, chapisho hilo halithibitishi.

Na kuna wakati kutajwa ndiko kulikokuwa msiba. Katika matoleo ya Gazeti Rasmi ya miaka ya hali ya hatari, baada ya sheria ya 1953 ya kunyang'anya ardhi, zimo amri zenye orodha za watu wa Kikuyu, Embu na Meru waliotuhumiwa kuhusika na Mau Mau na kunyang'anywa mashamba yao. Majina yameandikwa pamoja na jina la baba. Kati ya hayo mawili kuna herufi s na o zilizotenganishwa kwa mkwaju, ufupisho wa maofisa kumaanisha mtoto wa kiume wa. Wajukuu wengi wameambiwa tu kwamba babu alipoteza shamba wakati wa vita. Humo wanaweza kukuta siku, lokesheni na jina. Unapotafuta watu wa kipindi hicho, andika na ufupisho huo kati ya jina la mtoto na la baba, kisha ufunge yote kwa alama za kunukuu ili mashine iyatafute yakiwa pamoja. Utashangaa jinsi mlango unavyofunguka.

Ukipata jina, usikimbilie kulikumbatia. Mtu mwenye jina la babu yako si lazima awe babu yako. Mambo matatu yakipatana, jina, mahali na umri, anza kuamini; likipatana moja, liandike pembeni ungoje. Nimeona watu wakijibandika kwenye nasaba za wakubwa kwa sababu ya jina moja lililofanana, na nimeona jina moja likibebwa hadi kwenye kesi ya shamba likavuruga ndugu waliokuwa wakila sahani moja. Na kila unachokipata, andika papo hapo jina la kitabu, mwaka, juzuu na ukurasa. Hifadhi picha ya ukurasa wenyewe, usiache kiungo tu, kwa maana kitabu kilichokuwa wazi leo huweza kufungwa mwakani.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hujanunua hata bando, nenda kwa wazee. Nasema hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe, mbali na adabu. Mashine inataka jina, mahali na mwaka, na vyote vitatu viko kichwani mwa shangazi yako. Usimwulize babu alizaliwa mwaka gani, atakwambia hajui. Mwulize alikuwa amebalehe wakati wa vita vya Mjerumani? Reli ilikuwa imefika? Alikuwa ameoa wakati wa njaa ile mliyoipa jina? Mwulize alikuwa na lakabu gani, alifanya kazi kwa Mhindi yupi, kwa Mzungu yupi, kwani mgeni aliandika lakabu kuliko jina. Ukisharudi na ukurasa, umsomee. Jina ambalo kwako ni wino litamkumbusha yeye mtu aliyekuwa akichechemea na mwenye sauti kubwa, na pengine atakwambia hapana mjukuu wangu, huyu si wetu, huyu ni wa mlango wa pili.

Wapo pia ambao hakuna kitabu kitakachokupa. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua wabeba mizigo wa Afrika Mashariki kwa malaki. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimeitwa kwa kikosi hicho. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hao, Google Books ni jangwa. Majina ya wengi wao yamebaki katika familia tu: yule ami wa babu aliyechukuliwa akaenda upande wa Taveta au Rufiji na hakurudi. Kama nyumbani kwenu lipo jina la namna hiyo, liandike leo usiku, pamoja na la baba yake, kijiji chake na la chifu aliyekuja kumchukua, kwa sababu huenda hakuna nakala nyingine.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutatoka vitabuni tuingie kwenye faili: hifadhi za nyaraka za Nairobi na Zanzibar, namna ya kuomba jalada na nini cha kumwambia karani dirishani. Mpaka hapo, kila mmoja aje na jina moja, limeandikwa kwa tahajia zote mlizoweza kuzipata.